Hivi hii miradi ya "Kataa pombe, kataa bangi" mashuleni, nani amewahi kupima kama inazuia kweli?

#1 Binti_Kiborloni
Wakuu habari zenu, niende moja kwa moja. Mwaka juzi nilipata kibarua kwenye mradi mmoja hapa Moshi, jina naliacha, kazi yangu kugawa madodoso kwenye shule za sekondari. Tunaingia siku ya kwanza watoto wanajaza maswali, halafu wawezeshaji wanatoa semina ya siku mbili, soda, fulana, na mchana wa siku ya pili watoto wanajaza maswali yaleyale. Maswali yenyewe sasa: je pombe inaharibu ini? Je bangi ina madhara kwenye ubongo? Siku ya kwanza wengi wanakosa, siku ya pili karibu wote wanapata. Ripoti ikaenda kwa mfadhili kwamba mradi umefanikiwa KUZUIA matumizi ya vilevi kwa vijana. Hakuna hata swali moja lililouliza umekunywa mara ngapi mwezi huu.

Mimi nakaa Kiborloni. Haikupita miezi mitatu nikawakuta vijana wawili wa kidato cha tatu niliowapa fulana kwa mkono wangu, wako kwenye kibanda karibu na soko wanakunywa wamevaa fulana ileile. Iliniuma na mpaka leo inaniuma. Sisemi mradi haukusaidia, nasema hatujui. Sasa nauliza wenye uelewa, mtu akikwambia mradi wake umezuia pombe na madawa, umuulize nini ujue anasema kweli?

#2 Mzee_wa_Stendi
Muulize bajeti ilikwenda wapi dada angu. Nipo hapa stendi tangu enzi hizo, miradi imekuja imeondoka, vijana wa gongo ni walewale na wengine tumeshawazika. Hiyo yote ni ulaji.

#3 Mwl_Sakina
Mzee wangu shikamoo, ila usiseme yote. Mimi nafundisha Arusha mwaka wa 14 huu. Tatizo la kwanza mimi naliona kwenye karatasi yenyewe. Mtoto anajaza dodoso, juu pameandikwa jina na mkondo, mwalimu wa nidhamu kasimama mlangoni, nani ataandika Jumamosi nilivuta bangi? Kuna mwaka tulijaribu shuleni kwetu bila jina, watoto wamekaa mbalimbali, walimu wote nje, karatasi wanatumbukiza wenyewe kwenye boksi lililofungwa. Majibu yalikuwa mengine kabisa, mkuu wa shule aliuliza mara mbili kama ni shule yetu. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mwenye mradi ni hilo: uliuliza tendo au uliuliza elimu, na mtoto alikuwa huru kiasi gani kukujibu.

#4 Mangi_Kibosho
Mi naona mnalaumu bure. Marekani walianza kupeleka polisi mashuleni kufundisha madhara ya madawa mwaka 1993, ule mpango wa DARE, ukafanya kazi ndio maana nchi nyingi zikauiga. Sisi tatizo letu hatuna nidhamu ya kufuatilia tu.

#5 Takwimu_Tu
Mangi hapo naomba nikurekebishe mambo mawili. DARE ilianza 1983, Los Angeles, polisi wa jiji pamoja na idara ya shule za huko. La pili ni kubwa zaidi, ilisambaa sana ndiyo ila haikusambaa kwa sababu ilifanya kazi. Ilisambaa kwa sababu wazazi waliipenda, walimu waliipenda, polisi waliipenda, na mtoto akija nyumbani na fulana kila mtu anaona kitu kinafanyika. Watafiti walipokusanya tathmini nyingi pamoja mwaka 1994 wakakuta tofauti ya matumizi kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa ni ndogo mno. 1999 ukatoka utafiti mwingine uliowafuata watoto zaidi ya elfu moja wa Kentucky kwa miaka 10 tangu darasa la sita, wamefika miaka 20 hakuna tofauti. 2003 ofisi ya ukaguzi ya bunge lao nayo ikapitia tafiti ikasema hivyohivyo. Baadaye DARE wenyewe wakabadilisha mtaala.

Sasa Binti, jibu la swali lako. Muulize mwenye mradi: wenzao ambao hawakupata semina walikuwaje? Bila kundi la kulinganisha, kabla na baada haikwambii kitu. Na hii inakata kote kote. Mtoto wa miaka 14 ukimpima leo ukampima tena akiwa na 16 atakuwa anakunywa zaidi hata ungemfundisha nini, ni umri tu. Mradi mzuri unaweza kuonekana umeshindwa kumbe bila huo mradi ingekuwa balaa zaidi. Na mradi mbovu unaweza kuonekana umefaulu kwa sababu ulipima wiki ambayo mambo yametulia.

#6 Mama_Msesewa
Takwimu umenikumbusha kitu. Binti mlipima miezi gani?

#7 Binti_Kiborloni
Huo wa siku mbili ulikuwa Mei mama. Ila kulikuwa na kipande kingine cha mtaani, vijana wasiosoma, hicho walihojiwa katikati ya Januari na tena Machi mwishoni. Na huko waliuliza mara ngapi umekunywa, ikashuka kweli.

#8 Mama_Msesewa
Mwanangu. Januari Moshi nzima ndio inaamka kutoka Krismasi, watu wamerudi kutoka Dar, Mwanza na Nairobi, kila boma limechinja, mbege imepikwa mapipa, hata ambaye hanywi amekunywa. Machi mwishoni ni Kwaresima, nusu ya wanywaji wa kijiji changu wameacha kwa nadhiri wanasubiri Pasaka, na wasiofunga hela imeshaisha. Mngekuja kwangu msingehitaji mradi kuona pombe imeshuka, muuzaji ndio anayejua. Mimi napika mbege Marangu, nikipika debe Machi linachacha linabaki.

#9 Takwimu_Tu
Mama hii wengine tunasoma darasani miaka mitatu ndio tunaielewa. Asante sana.

#10 Chalii_wa_Ngarenaro
Hahaa Wachaga mnafunga pombe Kwaresima mnalipiza Pasaka, sisi Chuga hatuna msimu 😅

#11 Mangi_Kibosho
Chalii tulia, mirungi inayopita hapo kwenu ina msimu?

#12 Chalii_wa_Ngarenaro
Mirungi inatoka Same mangi, huko ni mkoa wenu wa Kilimanjaro, usitupakazie. Ila tuache utani maana mada inanigusa. Mimi nilikula hizo semina, tena mara tatu, primary na sekondari. Nilijua yote, ini, mapafu, ubongo, kifungo, na bado nilianza bangi kidato cha pili, mwaka uliofuata nikaongeza viroba. Hakuna aliyenidanganya kwamba ni salama, nilijua sio salama. Nilianza kwa sababu mchana nilikuwa sina pa kwenda na walionipokea ndio hao. Kilichonitoa sio semina, kaka mmoja fundi alinichukua gereji, saa moja asubuhi uwe umefika umejisafisha, ukichelewa mara mbili basi. Kwa hiyo nikisikia mradi wanapima kama mtoto anajua madhara najisikia vibaya, mimi nilikuwa nayajua.

#13 Mzee_wa_Stendi
Huyu kasema kweli kuliko wote. Ajira.

#14 Nesi_wa_Usiku
Pole chalii na hongera. Ila wakuu tusikimbilie kusema ajira ndio kila kitu. Ninakofanya kazi mimi napokea bodaboda kila wikiendi, wana kazi, wana hela ya kila siku, na ndio hiyo inayonunua. Kuna ule utafiti wa vijana wa Mwanza na Kilimanjaro uliotoka 2015, wa miaka 15 hadi 24, wanafunzi wa vyuo ndio walionekana kunywa zaidi kuliko wa sekondari, na hao wana mwelekeo wa maisha. Hela kidogo mfukoni na mzazi yuko mbali, nadhani ndio mlango.

#15 Juma_Pasua
Mnazunguka. Jibu ni upatikanaji. Serikali ilipofuta viroba 2016 mtaani kwetu Pasua tuliona tofauti ndani ya mwezi, watoto wa shule walikuwa wanaficha kwenye soksi. Hakuna semina iliyowahi kufanya vile.

#16 Mwl_Sakina
Ni 2017 Juma, tarehe 1 Machi 2017 ndio marufuku ya pombe kali za pakiti za plastiki ilianza. Na nakuunga mkono nusu. Darasani kwangu pia vilipotea kabisa kwenye mabegi. Lakini baadaye zikaja chupa ndogo, na watoto wakaanza kuchanga wanne wanne. Je walipunguza kunywa au walibadilisha chombo? Hapo ndipo ningetaka mtu awe amepima, na ninavyojua mimi shuleni kwetu hakuna aliyehesabu kabla ya Machi, kwa hiyo leo mimi na wewe tunabishana kwa kumbukumbu.

#17 Juma_Pasua
Sawa mwalimu 2017. Ila kumbukumbu ya mtaa mzima nayo ni ushahidi, wagonjwa walipungua.

#18 Nesi_wa_Usiku
Walipungua wapi Juma? Nauliza kwa nia njema. Kituo kikikosa mtu wa kuandika kwenye rejista kwamba majeruhi alikuwa amelewa basi hata wakipungua hatutajua, na kituoni kwangu hiyo safu inaachwa tupu usiku mwingi kwa sababu nesi ni mmoja wodi nzima.

#19 Mdau_wa_Njiro
Mimi nimekaa kimya nasoma tu, nilete mfano wa Iceland. Mwaka 1998 asilimia 42 ya watoto wao wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya siku 30 zilizopita, ilipofika 2016 ni asilimia 5. Na hawakufanya kwa mahubiri. Waliwahoji watoto kila mara, majibu yanarudishwa haraka kwa kila shule na kila mtaa wao wenyewe wayaone, wazazi wakakubaliana kwa maandishi, watoto wa 13 hadi 16 wasiwe nje baada ya saa nne usiku majira ya baridi, jiji la Reykjavik likatoa fedha kwa familia kulipia michezo na muziki. Hii inamuunga mkono Chalii, mtoto apewe pa kwenda.

#20 Mangi_Kibosho
Hao wana watu laki tatu na kitu, wilaya moja tu hapa inawafikia. Sisi nani atafadhili mpira wa kila mtoto wa Unga Limited?

#21 Takwimu_Tu
Mdau takwimu zako ni sahihi, ila na hapa tuwe makini vilevile kama kwa DARE, tusipime mradi tunaoupenda kwa mizani laini. Iceland haikuwa na kundi la kulinganisha, ni nchi nzima. Na miaka hiyohiyo kunywa kwa vijana kulishuka nchi nyingi za Ulaya ambazo hazikufanya walichofanya wao, ule utafiti wa mashule wa ESPAD ulioanza 1995 unaonyesha. Iceland ilishuka zaidi, hilo kweli, lakini ngapi ni ya mpango na ngapi ni ya dunia kubadilika mimi siwezi kukwambia.

Na kwa mwalimu, hao ESPAD wana ujanja mmoja nimeupenda. Ndani ya dodoso waliweka jina la dawa ya kulevya ambayo haipo duniani, wameitunga tu, inaitwa relevin. Mtoto akisema ameitumia unajua huyu anajaza kwa sifa. Kwetu tunaogopa mtoto anayeficha, tunasahau na anayejisifu.

#22 Mwl_Sakina
Hiyo naichukua kesho! Kidato cha nne wavulana nina uhakika nitapata watano "wamewahi kuitumia".

#23 Binti_Kiborloni
Asanteni sana najifunza mno. Ila Takwimu, kuna kitu kinanisumbua. Mwisho wa mradi tuliwahoji vijana wakasema wenyewe umenisaidia, umenibadilisha, wengine walilia. Hiyo si ushahidi?

#24 Takwimu_Tu
Binti hilo ndilo swali lililonifanya nisome mambo haya. Kulikuwa na mradi Marekani, Cambridge na Somerville jimbo la Massachusetts, ulianza 1939. Wavulana kama 500 hivi wa mitaa yenye shida wakapangwa wawili wawili wanaofanana, ikarushwa sarafu, mmoja akapata mlezi wa kumtembelea, kumpeleka kambi, kumsaidia masomo na matibabu, mwenzake akaachwa kama alivyo. Iliendelea miaka mitano hivi. Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord akawatafuta wamekuwa watu wazima. Wengi wa waliosaidiwa wakasema mradi ulinisaidia sana, wengine walikumbuka walezi wao kwa majina. Lakini rekodi zilionyesha waliosaidiwa hawakuwa bora, na kwenye baadhi ya mambo, ulevi ukiwemo, walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao waliolala upande wa pili wa sarafu. Hawakudanganya waliposema umenisaidia, walimaanisha. Mtu hawezi kujua angekuwaje bila.

#25 Nesi_wa_Usiku
Dah. Mbaya zaidi kwa nini sasa?

#26 Takwimu_Tu
McCord alikuwa na mawazo kadhaa. Labda walizoea msaada ulipoondoka wakaanguka, labda kambini walikutanishwa wakorofi kwa wakorofi wakafundishana. Na sio hao tu. Brazili waliuchukua mtaala wa Ulaya uitwao Unplugged wakaujaribu kwenye shule 72 za miji 6, kura ikaamua shule zipi zifundishwe na zipi zisifundishwe, na waliofundishwa wakaonekana wanaanza pombe zaidi kuliko wasiofundishwa. Ilibidi wauandike upya masomo ya pombe. Ndio maana nasema kupima sio anasa ya mfadhili. Unaweza kuwa unamdhuru mtoto wa mtu kwa nia njema.

#27 Mama_Msesewa
Mimi hapo naelewa kabisa. Semina ya kwetu kijijini mwezeshaji aliwaonyesha watoto picha za bangi, kijiti, jinsi inavyosokotwa, mjukuu wangu wa miaka 10 akaja kunielezea bibi inasokotwa hivi. Kabla ya hapo hakujua. Na jambo lingine naomba msinielewe vibaya, mnasema pombe pombe, kwetu mbege ni ya harusi, ya matanga, ya kumuombea mtu msamaha. Mtoto anatumwa kuchukua, anaonja povu tangu ana miaka mitano. Halafu anakuja mtu na karatasi anamuuliza umewahi kutumia kilevi, atajibu hapana kwa sababu kwake mbege ni chakula, ina ndizi na ulezi. Sasa hesabu yenu imeshakosea mlangoni.

#28 Mwl_Sakina
Mama uko sahihi, inabidi kuuliza kwa majina, mbege, gongo, bia, chupa ndogo, na kwa kata au glasi.

#29 Nesi_wa_Usiku
Ndio shida ya AUDIT pia, yale maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani, alama 8 kwenda juu mtu anahitaji kuzungumza naye. Inahesabu vinywaji kwa kipimo, sasa kata moja ya mbege wanayopokezana watu watano ni vinywaji vingapi? Ila niwape na habari njema kidogo. Hospitali ya KCMC hapa Moshi kuna kitu kinaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, majeruhi anayekunywa kwa madhara anazungumzishwa kwa muda mfupi pale pale hospitali, bila kumsema wala kumtisha, anasaidiwa aone mwenyewe uhusiano wa pombe na ajali yake, na baadaye ujumbe wa simu. Na waliupima kwa kura kama Takwimu anavyotaka, wengine wanapata wengine wanapata huduma ya kawaida. Mimi sio wa huko, lakini inanipa moyo kwamba Moshi inawezekana kupima vizuri.

#30 Mzee_wa_Stendi
Hiyo ni tiba sio kuzuia. Kama methadone ya Muhimbili.

#31 Nesi_wa_Usiku
Methadone ndio ni tiba, ya waliozama kwenye heroini, ilianza Muhimbili 2011. Hii nyingine ni katikati mzee, mtu hajawa mlevi wa kutupwa, unamzuia asifike. Lakini sawa, kila hatua ina kipimo chake tusichanganye.

#32 Juma_Pasua
Kwa hiyo hakuna kinachofanya kazi mashuleni? Maana Takwimu anabomoa tu.

#33 Takwimu_Tu
Sibomoi ndugu yangu. Baltimore miaka ya 1985 na 86 walimu wa darasa la kwanza waliendesha mchezo wa kutulia darasani, watoto kwa makundi, kundi likitulia linapongezwa. Hakuna neno hata moja la pombe wala bangi. Watoto wale walifuatwa mpaka miaka 19 hadi 21 na wavulana waliokuwa wakorofi sana wakaonekana na matatizo machache ya madawa kuliko wenzao wa madarasa mengine. Sasa ungewapima wiki mbili baada ya mchezo kwa swali la ini ungesema mradi umeshindwa.

#34 Mwl_Sakina
Na mwalimu wa darasa la kwanza mwenye watoto 90?

#35 Mangi_Kibosho
Hapo sasa. Mi nabaki na msimamo wangu wa wazazi. Baba akiwa kilabuni saa tisa mchana huwezi kumfundisha mtoto kitu.

#36 Juma_Pasua
Na mi nabaki na bei na upatikanaji.

#37 Chalii_wa_Ngarenaro
Mimi nina swali kwa Binti. Ule mradi wako ulihesabu waliojaza siku zote mbili? Maana mimi semina ya tatu nilikuwepo siku ya kwanza, nikajaza karatasi, mchana nikatoka na wenzangu wawili kupitia ukuta wa nyuma kwenda kuvuta, siku ya pili hatukurudi. Mwezi uliofuata nikaacha shule kabisa. Nilivyosoma haya yote nimejiuliza karatasi zetu ziliwekwa wapi.

#38 Binti_Kiborloni
Chalii umenifanya nifungue laptopu usiku huu. Bado nina faili la shule moja. Siku ya kwanza walijaza 61, siku ya pili 54. Kwenye ripoti tuliandika 54 kana kwamba ndio waliokuwepo tangu mwanzo. Hao 7 nimewaangalia majibu yao ya siku ya kwanza sasa hivi, sita kati yao walipata maswali yote.